P0171 lakini plagi nyeusi: usinunue sensa ya oksijeni bado

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox, injini 1NZ, nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Magu na Lamadi. Siku hizi inakula mafuta vibaya na taa ya cheki injini haizimi. Fundi wa kwanza kachomeka mashine ikatoa P0171, kaniambia maana yake injini inapata mafuta kidogo, sensa ya oksijeni imekufa, ninunue nyingine. Wa pili kafungua plagi, zote nne nyeusi tii, kasema masega (kile kisafishaji moshi kwenye bomba la ekzosi) yameziba, yatolewe. Wa tatu kasema huku kwetu Mwanza juu hewa ni nyepesi, gari za Dar zinasumbuka, nizoee. Nimechomeka adapta, kwenye simu inaonyesha LT +24 gari ikiwa sailensa (inaunguruma imesimama bila kukanyagwa), na +7 nikishikilia mzunguko wa 2500. Asubuhi inatoa mlio wa chek-chek, ikipata moto unaisha. Yote haya yameanza baada ya kufunguliwa silinda hedi. Nianze na nini? Na je, naweza kufunga mita ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na mafuta ili nisiwe nasimuliwa tu?

JIBU: Marahaba dada. Sensa usinunue kwanza, na masega usiruhusu mtu ayaguse. Umeandika swali lenye jibu ndani yake, sema mafundi wako kila mmoja kachukua kipande kimoja akaondoka nacho.

Angalia mwenyewe. Mashine inasema mafuta ni kidogo. Plagi zinasema mafuta ni mengi mpaka yanaacha masizi. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja ndani ya silinda zilezile. Plagi inakaa palepale moto unapowaka, haina sababu ya kudanganya. Kwa hiyo anayepotoshwa ni kompyuta ya gari, na anayeipa habari ni sensa. Lakini sensa hapa ni shahidi, na shahidi anaweza kusema kweli tupu juu ya alichokiona huku alichokiona kikiwa kimechezewa. Fundi wa kwanza kamhukumu shahidi bila kumuuliza alikuwa amesimama wapi.

Sensa hiyo iko kwenye bomba la ekzosi karibu na injini. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu pande zote mbili. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Ikishapata moto, kuanzia kama nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani mafuta yamezidi, unapata volti 0.8 hadi 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni iliyobaki, yaani hewa imezidi, inashuka mpaka 0.1 hivi. Katikati, kwenye 0.45, ndipo kompyuta inapopalenga: gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ikisikia hewa imezidi inaongeza mafuta, ikisikia mafuta yamezidi inapunguza, na inarudia hivyo kutwa nzima.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sensa haioni mafuta hata tone. Inaona oksijeni tu, na haijui oksijeni hiyo imepita njia gani kufika pale. Ikitoka kwenye silinda, sawa. Ikiingia kwa nje kupitia ufa wa gasketi, kwake ni ileile. Hata gari likiwa linamisi silinda moja, ile hewa ambayo haikuungua inapita nzima mpaka kwenye sensa, nayo inaandika "hewa imezidi" wakati petroli mbichi inamwagika kwenye ekzosi.

Tuje kwenye namba zako, maana hizo ndizo zilizonifanya nikujibu kwa kujiamini. Hiyo LT ni marekebisho ya muda mrefu: asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imejizoesha kuongeza au kupunguza kutoka kwenye hesabu yake ya kiwandani. Iko na mwenzake ST, ya papo kwa papo, inayopanda na kushuka muda wote. Ukizijumlisha na jibu likabaki ndani ya 10, juu au chini, gari halina ugomvi. Wewe ukiwa sailensa inaongeza 24. Kama kweli injini ina upungufu, hiyo ni tiba. Kama haina, basi kila dakika unayosimama na injini inawaka pale Mwaloni ukisubiri mzigo, karibu robo ya mafuta ya ziada inaungua bure, na plagi zako ndizo ushahidi.

Halafu kuna ile +7 kwenye 2500, ambayo ni muhimu kuliko +24. Sensa iliyokufa ikabaki imeganda kwenye volti ya chini ingeimba wimbo uleule sailensa na kwenye mzunguko mkubwa. Marekebisho yangepanda kote mpaka yagonge ukuta. Yako yanashuka. Pampu ya mafuta iliyochoka au filta iliyoziba ingefanya kinyume: sailensa ingekuwa nafuu, halafu namba ingepanda ukidai nguvu, mathalani ukiwa na magunia nyuma unapandisha kilima cha Bugando. Sensa ya hewa ile ya kwenye bomba la ea klina, ikishika vumbi, nayo kwa kawaida inasumbua zaidi hewa ikiwa nyingi. Kosa linaloonekana sana sailensa na kufifia ukikanyaga ni hewa ya wizi: tundu lenye ukubwa uleule, ambalo injini ikivuta hewa kidogo linakuwa sehemu kubwa ya hesabu, na injini ikivuta nyingi linapotea ndani yake.

Hewa ya wizi ina milango miwili. Mmoja ni upande wa kuingiza, baada ya ile sensa ya hewa: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi ya kuingizia, au bomba la mpira lenye ufa chini pasipoonekana. Hapo injini inakosa mafuta kweli, kompyuta inaongeza, mambo yanasawazika na plagi zinabaki na rangi ya kawaida. Zako ni nyeusi zote nne. Mlango wa pili ni upande wa ekzosi, kabla ya sensa. Na wewe una mlio wa chek-chek wa asubuhi unaoisha chuma kikipata moto na kutanuka, kwenye gari lililotoka kufunguliwa hedi. Ili hedi itoke, manifoldi ya ekzosi lazima ifunguliwe au iachanishwe na bomba. Nitashangaa kama ilirudishwa na gasketi mpya.

Utauliza: ekzosi inasukuma moshi nje, hewa itaingiaje? Moshi hautoki kama maji ya bombani, unatoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Kila baada ya pigo kunatokea mvuto mdogo nyuma yake, na kwenye mvuto huo hewa ya nje inapenya kwenye ufa. Sailensa mapigo yako mbalimbali, kwa hiyo inapata nafasi. Ukikanyaga yanafuatana na moshi unajaa bomba, nafasi inapungua. Ndiyo +24 yako na ndiyo +7 yako.

Kuutafuta ufa huo, gari lilale, uanze asubuhi likiwa baridi kabisa. Fungua boneti, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, angalia pale manifoldi inapokutana na hedi na pale bomba la kwanza linapoungana na manifoldi. Unatafuta mistari ya masizi meusi inayotoka kwenye ungio kwenda nje, ikiwepo umeshamaliza. Isipoonekana, mtu awashe gari, na mwingine azibe mdomo wa ekzosi nyuma kwa tambara nene lililoloweshwa, kwa sekunde chache tu na kabla bomba halijapata moto. Ule chek-chek utageuka kuwa mfoko wa kusikika wazi upande wa injini. Ukinyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio chuma kingali baridi, povu litakuonyesha sehemu yenyewe. Fanyia kazi hii nje, usiifanye ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa ekzosi unaua.

Wakifungua manifoldi, simama uone mambo mawili. Kwanza, stadi zote (zile boliti zinazoshika manifoldi) zipo na nati zote zimerudi, maana iliyokatika mara nyingi huachwa hivyohivyo kwa kuwa haionekani. Pili, uso wa manifoldi upimwe kwa rula ya chuma. Uliopinda hauzibwi na gasketi hata uwe na nati kumi. Wakikuambia watapaka silikoni badala ya gasketi, kataa. Kwenye ekzosi haidumu, na mvuke wa silikoni isiyo ya daraja la kulinda sensa unakwenda kuganda juu ya ile kauri kama unga mweupe, na hapo ndipo utakuwa umeiua sensa nzima kwa mkono wako. Nina wasiwasi kidogo na hedi yenyewe kwa sababu hiyohiyo. Mafundi wetu wengi wanapenda kupaka silikoni hadi inamwagikia ndani.

Fundi wa tatu nimjibu kwa kifupi. Ni kweli Mwanza ipo juu, ziwa lenyewe lipo mita zaidi ya 1,130 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu imepungua kwa asilimia kama 12 ukilinganisha na Dar. Utaona nguvu imepungua kidogo. Lakini sensa ya hewa inapima uzito wa hewa inayoingia, na mafuta yanafuata uzito huo. Probox na IST zinazozunguka Buzuruga na Nyegezi zote zinavuta hewa hiyohiyo na hazina P0171.

Suala la masega linaniudhi zaidi. Masega yaliyoziba yananyima gari pumzi ukikanyaga: linagoma kupanda mzunguko, linakosa nguvu mlimani. Hayakupi +24 sailensa. Isitoshe, masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo watu mjini wanaoyanunua kwa uzito. Fundi anayekimbilia kuyatoa bila kuyapima, muulize baada ya kuyatoa yatakwenda wapi. Tena sensa hii ilizaliwa kwa ajili ya masega hasa. Bosch ndio walioitengeneza, na Volvo wakaanza kuifunga mwaka 1976 kwenye magari ya soko la California, ambako sheria za moshi zilikuwa zimebana; masega hayasafishi gesi zote tatu mbaya kama mchanganyiko haujakaa karibu kabisa na 14.7. Kama gari lako lina sensa ya pili baada ya masega, hiyo ndiyo mpimaji wao. Gari likiwa na moto, ya mbele inaruka juu chini na ya nyuma inatulia, tuseme kwenye 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuruka pamoja na ya mbele, hapo masega yamechoka, na bado kuchoka si kuziba.

Tuseme umeziba ufa na namba hazijashuka. Sasa ndiyo zamu ya kumhoji shahidi, kwa multimita ya dijitali. Ile ya mshale usiitumie, inanyonya umeme mdogo wa sensa na kukupa jibu la uongo. Sensa ya kawaida ina nyaya nne: mbili za rangi moja ni za hita (kipasha joto cha sensa), moja ni ya ishara, moja ni ya hasi. Kwenye sensa za Denso za kuunga mwenyewe, nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni hasi. Kwenye za Bosch, nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni hasi. Nimeitaja kwa sababu nimeona watu wakiunga kwa kufuata rangi za sensa ya zamani, nyeusi kwa nyeusi, na kupeleka umeme wa hita kwenye waya wa ishara.

Injini ikiwa na moto wa kutosha, shikilia 2500 kwa dakika mbili, kisha soma waya wa ishara. Namba irukeruke kati ya 0.1 na 0.9, ivuke katikati mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Kanyaga ghafla: ipande juu ya 0.8 papo hapo. Achia ghafla ukiwa kwenye 3000: kompyuta inakata mafuta, kwa hiyo ishuke chini ya 0.1. Sensa inayofanya yote hayo kwa haraka ni nzima, hata kama ina umri. Inayopanda kwa uvivu, au inayoganda sehemu moja, hiyo nunua nyingine. Pima na hita, soketi ikiwa imechomolewa na chuma kikiwa baridi: Toyota nyingi za sensa ya aina hii zinasoma oumu 11 hadi 16. Ikisoma wazi kabisa, hita imekatika.

Ila kabla hujaweka multimita, hakikisha gari lako linatumia aina gani. Toyota kadhaa za miaka ya 2000 zilihamia sensa ya masafa mapana (inayopima pia mchanganyiko umezidi kiasi gani) kwa upande wa mbele. Hiyo hairuki. Mchanganyiko ukiwa sawa inakaa kama volti 3.3, au 0.66 kwenye baadhi ya mashine za kawaida, na hewa ikizidi inapanda badala ya kushuka, yaani kinyume cha ile nyingine. Nimesikia sensa nzima za aina hii zikiitwa mbovu kwa kosa la kutulia. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa sensa inatosha kumaliza ubishi, na ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Usinunue ya mtumba. Hujui ilikuwa inavuta moshi gani. Ukiunga nyaya, bana kwa viungio vya chuma, usichomee risasi: sensa nyingi zinapata hewa yao ya nje kwa kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi inaziba njia hiyo. Grisi ya nyuzi ipakwe kwenye nyuzi za skrubu tu, ikigusa ncha umeharibu.

Mawili mengine kwa sababu ya kazi yako. Pale ufukweni petroli ya injini za mitumbwi huwa imeshachanganywa na oili. Likibaki dumu mwisho wa siku, usishawishike kulimimina kwenye Probox. Majivu ya oili yanaganda kwenye sensa na kwenye masega pia. La pili: angalia kwenye simu joto la maji baada ya mwendo mrefu. Linatakiwa kucheza kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Likibaki 60, kuna mtu alitoa thamostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), labda siku ileile ya hedi, kwa imani kwamba gari lisilo na thamostati halichemki. Kompyuta itaona injini bado ya baridi na itaendelea kulinywesha mafuta, hata ufa ukiwa umezibwa. Irudishwe.

Kuhusu mita. Zipo za taa za rangi zinazounganishwa kwenye sensa ya kawaida ya gari. Zitachezacheza tu mbele yako, kwa sababu sensa ya kawaida inajua umevuka mpaka kwenda upande gani, haijui umekwenda mbali kiasi gani. Mita ya maana inakuja na sensa yake ya masafa mapana, nyingi zinatumia Bosch LSU 4.9, na inasoma lamda, yaani mchanganyiko wako ukilinganishwa na ule wa 14.7: 1.00 ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, 0.85 hadi 0.90 ukikanyaga mpaka chini. Fundi wa kuchomelea atatoboa ekzosi kabla ya masega na kuweka kikombe chenye nyuzi za skrubu, sensa ikae upande wa juu wa bomba, ncha ikitazama chini, ili maji ya mvuke yasiikalie. Na isiachwe kwenye bomba bila kupewa umeme, inakufa kwa masizi. Anayefunga turbo au anayebadilisha gari kwenda gesi, namshauri akainunue.

Wewe huihitaji. Adapta ile uliyosomea LT inatosha, bora tu ikubali kuzungumza na gari lako, maana baadhi ya magari ya soko la Japani yanazikataa adapta za bei rahisi na lako halijakataa. Baada ya ufa kuzibwa, futa msimbo, endesha hadi Magu na kurudi ukiwa na mzigo wa kawaida, kisha usome LT na ST sailensa, na tena kwenye 2500, injini ikiwa na moto. Nategemea zote mbili zikae karibu na sifuri, huku au kule. Futa plagi masizi kabla ya safari hiyo, uziangalie tena ukirudi. Kama sailensa bado iko juu ya 15 na mlio wa asubuhi umeisha, niandikie namba zote nne na volti za sensa, tuanze na ule mlango wa kwanza.